Saa ya Nakonde

Sitaki mtu awadanganye kwamba baba yangu ndiye aliyemkataa Rabson. Pale kijijini kwetu Nanyala wapo wanaosema hivyo mpaka leo, na mimi nikiwasikia nanyamaza, maana ukweli unaniuma kuutamka. Lakini nyie nitawaambia. Aliyemkataa Rabson ni mimi, Priska, kwa mdomo wangu huu, wakati mwenzangu yuko barabarani anakuja, shati jipya mwilini, anaimba.

Ngoja nianzie Ijumaa jioni.

Rabson alinipigia akiwa ndio anatoka kazini. Ni fundi wa matairi ya malori pale Mpemba, kwa hiyo simu yake ukipokea unasikia kwanza nyundo, halafu honi, halafu ndio yeye.

"Mama watoto!"

"Watoto wako wapi?"

"Wako njiani, wanasubiri ya kesho yapite."

Nikacheka mpaka mama akanichungulia.

"Kesho saa nane kamili mchana niko kwenu na wazee," akasema. "Asubuhi navuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kumchukua Shangazi Violet. Yule ndiye kanilea, bila yeye hakuna posa. Tukirudi tunampitia mshenga, tunapanda Noah, tunakuja."

"Saa nane, Rabson."

"Saa nane."

"Unajua baba ametoa nusu saa tu. Ikifika nane na nusu anafunga kikao."

"Najua bwana! Nimenunua mpaka saa ya mkononi. Simu nitaizima kabisa, sitaki kuchezea simu mbele ya wakwe kama kijana asiye na adabu."

Halafu sauti yake ikashuka. Ile sauti yake ya chini, jamani, ile ndiyo iliyonimaliza mimi.

"Priska, nisikilize. Barabara yetu unaijua, malori yakiamua kusimama yanasimama. Neno langu ni hili: kesho nakuja. Nikichelewa, nakuja. Gari likifa, nakuja kwa miguu. Sasa na wewe nipe la kwako."

"Nitakaa nikikusubiri mpaka giza liingie. Wakiniuliza, nitasema tusubiri."

"Apa."

"Sisi hatuapi, wewe! Yesu alisema ndiyo yako iwe ndiyo, basi."

"Haya, sema ndiyo."

"Ndiyo."

Akatuombea hapo hapo kwenye simu, nyundo zinagonga nyuma yake. Akamwambia Mungu, "Baba, wewe ukiahidi hujawahi kuacha kuja. Tufundishe na sisi." Nikasema amina, nikakata simu nikiwa natabasamu peke yangu.

Sasa lazima mjue kwa nini baba aliweka nusu saa. Sio roho mbaya. Miaka mitatu nyuma dada yangu Restuta aliahidiwa na dereva mmoja wa lori, wa huko huko mpakani, Tunduma. Baba akachinja mbuzi, akaita wazee wa kanisa, akaita majirani. Watu walikaa kuanzia mchana mpaka kuku wakapanda kulala. Dereva hakuja, simu haikupatikana, na mpaka leo hatujui alienda wapi. Baba yangu, Mzee Osea, mzee wa kanisa, alisimama akawaambia watu, "Naomba mle, mwende nyumbani." Restuta tangu siku hiyo hajacheka vizuri.

Kwa hiyo nilipomwambia baba kuna kijana wa Mpemba anataka kuja, aliniangalia muda mrefu.

"Mpakani tena?"

"Huyu ni tofauti, baba. Anasali."

"Na yule alikuwa anasali." Akakohoa. "Aje. Nusu saa ya kuchelewa namvumilia. Ikizidi hapo, sitakaa tena mbele ya watu kama mtu anayesubiri basi ambalo limeshapita."

Jumamosi ikafika. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbozi ile ya kuuma masikio, na kijiji kizima kiko kwenye kahawa. Mimi nilikaa chumba cha ndani na Restuta na mama mkubwa Marta. Kwetu binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe kuulizwa kama anawafahamu wageni. Na simu unanyang'anywa. Mama mkubwa aliichukua yangu asubuhi, akaizima, akaitia kwenye sidiria.

"Leo unaongea na Mungu tu," akasema.

Saa nane ikapiga. Ile saa ya ukutani ya sebuleni ina mlio mkubwa, nikaisikia moyoni kabisa. Nikatega sikio. Barabara kuu iko kama hatua mia mbili kutoka kwetu, kila gari likipunguza mwendo nasema ndilo hilo.

Nane na robo.

"Foleni," nikasema.

"Foleni," Restuta akajibu, lakini hakuniangalia.

Nane na dakika ishirini na tano. Nasikia wazee sebuleni wameacha kuongea. Mzee Enoka, jirani yetu, anasafisha koo. Huyu Mzee Enoka ni baba mkubwa wa Deus, na Deus ni yule kijana tuliyeimba naye kwaya miaka minne, ambaye familia yake ilishawahi kuuliza habari zangu mara mbili na mara mbili nikasema nina mtu.

Nane na nusu. Nane na dakika thelathini na tano. Mlango ukafunguliwa, baba akaingia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniua. Alikuwa na ule uso wa siku ya Restuta.

"Mwanangu," akasema. "Nusu saa imepita. Lakini huyu mtu umemleta wewe, unamjua wewe. Nakuuliza. Ukisema tukae, nitakaa. Tukae?"

Jamani! Baba yangu mwenyewe alinifungulia mlango! Neno moja tu, "tukae", basi. Nilishalisema jana yake kwa mdomo mtamu. Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri habari za Sara, jinsi alivyochoka kungoja ahadi ya Mungu akatafuta njia yake ya mkato kwa Hajiri, na mimi nilikuwa kiti cha mbele napiga amina kubwa kuliko wote. Nikamwona Sara mjinga.

Nikamwangalia Restuta. Alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake, anakunjua, anakunja. Nikajiona mimi ndiye yule, miaka mitatu ijayo. Nikamwona Rabson anacheka mahali fulani, simu imezimwa. Hasira ikanipanda, na ile hasira ilikuwa hofu tupu.

"Tusikae, baba."

"Una uhakika?"

"Tusikae."

Yaliyofuata yalikwenda haraka kama mtu anateremka mlima. Mzee Enoka akasimama sebuleni, namsikia: "Mzee Osea, chakula kimeiva, wazee tumekaa. Sisi si wageni kwako. Nyumba yetu iliuliza mara mbili ikaambiwa binti ana mtu. Leo mtu hayupo. Kama binti anaridhia, kwa nini urudi tena kwenye aibu ile?"

Baba akasema, "Binti ataulizwa yeye mwenyewe. Hapa hakuna wa kulazimishwa."

Deus akaitwa. Alikuwa kwenye mashine ya kumenya kahawa hapo bondeni, akaja anakimbia, amenawa uso tu, maganda mekundu yamenata kwenye mabuti. Nikatolewa chumbani. Baba akauliza, "Priska, huyu unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Unamkubali?"

Deus aliniangalia. Macho yake yalikuwa yananiuliza swali jingine kabisa, sio lile la baba. Nikayakwepa.

"Namkubali."

Baba akatuombea. Wakati anasema amina, honi ikalia nje.

Piiii! Piiii! Halafu vigelegele. Vigelegele, jamani! Noah nyeupe imeingia uani, na mama mmoja mnene wa kitenge cha kijani anashuka huku anapiga vigelegele kama harusi ndio hii hii. Nyuma yake mzee wa koti jeusi, na nyuma ya mzee, Rabson. Shati jeupe, viatu vinang'aa, mikono ameisugua mpaka weusi wa matairi umebaki kwenye kucha tu. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto siku ya Krismasi.

Walipiga hodi, wakaingia, wakapiga magoti. Mshenga akasema, "Wazee wetu shikamooni. Tumshukuru Mungu, barabara ilikuwa nzuri. Mlituambia saa nane, na sisi tumewahi dakika mbili."

"Tumewahi?" akauliza Mzee Enoka.

Baba akanyanyua mkono taratibu, akaonyesha ukutani. Saa tisa kasoro dakika mbili.

Rabson akaangalia ukuta. Akaangalia saa yake ya mkononi. Akaangalia ukuta tena. Nikaona jasho linamtoka kwenye ile baridi. Akatoa simu mfukoni, akaiwasha, tukamsubiri wote mpaka ikawaka.

"Mungu wangu," akasema. "Hii saa ndiyo tuliyoifuata wote, nimeiweka asubuhi kwa simu. Nimeshatoka Nakonde, niko Mpemba, nikajua simu imesharudi kwetu. Kumbe ilikuwa bado imeshika mtandao wa Zambia. Kule wako nyuma saa moja." Akakaa chini sakafuni kabisa. "Mimi! Mimi ninayewacheka madereva kila siku kwa kosa hili hili!"

Mzee mmoja akacheka, akashindwa kujizuia. "Kijana kaja na saa ya Nakonde!" Wawili wengine wakacheka pia, na kwa sekunde moja nikafikiri yameisha, tutacheka wote, tutakula.

Mzee Enoka hakucheka.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Binti ameshaposwa. Tumetoka kumwombea sasa hivi."

"Mwebantu!" Shangazi Violet akashika kichwa, maneno ya Nakonde yakamtoka. "Awe, awe, awe! Hapana! Kaposwa na nani? Kwa saa moja? Hata maharage hayaivi kwa saa moja!"

Rabson alinitafuta mimi, akaniona nimesimama pembeni ya Deus. Akaangalia mabuti ya Deus, akaniangalia tena.

"Priska."

Mama mkubwa Marta akawahi. "Ni wazee ndio wameamua, baba. Mtoto hana kosa, mtoto anafuata wakubwa." Akanikanyaga mguu kabisa.

Nikaona uso wa Rabson unalegea, kidogo tu. Alikuwa anataka kuamini hivyo. Ningenyamaza, angeondoka akimchukia baba yangu na kunipenda mimi mpaka kufa. Nikamwangalia baba. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, na hakujitetea. Angebeba. Yule mzee angebeba lile jina baya maisha yake yote na asiseme kitu.

"Si wazee," nikasema. "Ni mimi. Baba aliniuliza kama tukae. Nikasema tusikae."

"Aliniuliza..." Rabson akarudia kama hakusikia vizuri. "Alikuuliza?"

"Aliniuliza mara mbili."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayepokea habari za msiba. Akasimama, akafuta magoti. Akamsogelea Deus, akampa mkono.

"Hongera, kaka."

Akamwinamia baba. "Nisameheni kwa kuchelewa, baba. Kosa ni langu." Akatoka. Shangazi Violet akamfuata analia kwa sauti, mshenga akachukua kofia yake, na jikoni sufuria zikaendelea kutokota.

Deus akasogea mbele ya baba.

"Mzee Osea, naomba niseme," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Mimi huyu nimempenda tangu kwaya, baba mkubwa anajua. Nimeitwa leo nikakimbia nikaacha kahawa kwenye mashine. Lakini ile ndiyo aliyonipa, alikuwa anamkasirikia mtu mwingine. Niliona wakati anaitoa, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa naitaka. Sasa nimemwona mwenyewe. Siwezi kuoa hasira aliyonayo kwa mwenzangu."

"Deus!" Mzee Enoka akaruka. "Unatuaibisha! Tumeshaomba!"

"Mungu alikuwepo, baba mkubwa. Ameona yote." Akanigeukia. "Nakuachia, Priska. Usinishukuru, tafadhali. Nitakasirika."

Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Baba akanyanyua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kimbia," akasema.

"Baba..."

"Ile nusu saa niliiweka mimi. Mungu hakuniambia niiweke. Kimbia, mwanangu, watu watasema na mimi nitawasikia. Kimbia!"

Nikakimbia. Sikuvaa hata kandambili. Noah ilikuwa imefika barabarani inasubiri nafasi ya kuingia lami, malori yamefuatana hayaishi. Nikagonga kioo. Shangazi Violet akakishusha, kamasi za kilio puani.

"Unataka nini tena, mtoto wa watu?"

Rabson akashuka upande wa pili. Tukasimama pale kwenye vumbi, malori yanapita yanatupiga upepo.

"Deus ameniachia," nikasema nahema. "Baba ameruhusu. Rudi ndani, Rabson. Chakula hata hakijapakuliwa."

"Umekuja peku."

"Rudi."

"Nikakae kwenye kiti alichotoka mwenzangu sasa hivi? Kina joto bado, Priska."

"Nisamehe. Nakuomba unisamehe."

"Nimeshakusamehe. Pale pale ndani nimekusamehe, siwezi kulala na kitu kama hicho. Sio hilo."

"Ni nini sasa?"

Akaangalia barabara. Alikuwa anajizuia, na misuli ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Nilikuwa nakuja," akasema. "Wakati wote ule mnakaa mnaniona mwongo, mimi nilikuwa nakuja. Tulipofika Vwawa mshenga akasema tusimame tunywe soda. Nikakataa. Nikamwambia, mzee, hapana, kuna mtu ananisubiri." Akanigeukia. "Na hakukuwa na mtu."

Nililia. Sikulia kwa uzuri, nililia kama mtoto aliyepigwa, makamasi yote.

"Utakuja tena?"

"Sijui."

"Utajua lini?"

"Priska, nikikupa siku nitakuwa nakudanganya. Moyo wangu siujui leo. Inaweza ikawa kesho. Inaweza ikawa kahawa ya mwaka kesho. Inaweza..."

"Usinipe siku," nikamkatiza. "Mimi nitakaa."

"Usiseme."

"Nasema."

"Usiseme, nakuomba." Sauti yake ya chini ikakatika. "Jana ningekuamini bila hata kuuliza. Leo nikikusikia unasema hivyo, najikuta nahesabu dakika."

Akaninyooshea mkono kama anataka kunifuta machozi, ukafika karibu na shavu, ukarudi. Akaingia kwenye gari. Lori la mwisho likapita, Noah ikaingia lami ikaelekea Mlowo, na mimi nikasimama pale mpaka nikawa siitofautishi tena na magari mengine.

Nilichokuwa nataka kwa Rabson ni tarehe. Hata hapo nalia, moyoni naomba tarehe, nishike kitu. Na Ibrahimu alipoahidiwa mwana hakupewa tarehe. Aliambiwa tu, akakaa miaka na miaka anazeeka, anaamka kila asubuhi hakuna kitu mkononi isipokuwa neno. Mimi nilikuwa na neno, tena na saa juu yake, na nikashindwa.

Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Amekuja na kandambili zangu mkononi.

"Amesemaje?"

"Amesema hajui."

"Na wewe?"

"Nimesema nitakaa."

Baba akainama, mzee wa watu, akaniwekea kandambili miguuni.

"Jana mama yako alikusikia kwenye simu ukisema hivyo hivyo," akasema. "Ukakaa dakika thelathini na tano."

"Najua, baba."

Tukapanda nyumbani. Wazee walikuwa bado wamekaa, hakuna aliyeondoka na hakuna aliyekuwa na hamu ya chakula. Mama ameshapakua wali, mvuke unapanda. Nikaenda jikoni, nikachukua beseni na jagi la maji ya moto na taulo, nikarudi sebuleni kunawisha wageni.

Nikaanzia kwa Mzee Enoka. Nikapiga magoti mbele yake, nikashika jagi. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, imekunjwa ngumi, haikusogea. Nikabaki hapo. Mkono ukaanza kuniuma kwa uzito wa jagi, nikabaki. Watu wote wanatuangalia.

Maji yalianza kupoa. Sikuondoka.

Mwishowe akashusha pumzi, akanyoosha mikono juu ya beseni.